Kabla ya Bando: "Wezi" wa Nyimbo Waliolisha Mbeya na Iringa Muziki

Leo ukiwa Kabwe jijini Mbeya au Miyomboni pale Iringa mjini, wimbo ukitoka Dar saa sita usiku, saa sita na dakika moja unao. Bando likiwepo tu. Hakuna anayejiuliza umefikaje. Lakini kuna enzi wimbo ulikuwa unasafiri kama tenga la nyanya: unapandishwa gari, unapigwa jua, unapita mikono ya watu wanne, na kila mkono unachukua chake. Aliyekosa siku zote alikuwa mmoja, yule aliyeimba.

Hii ni historia ya hiyo mikono. Majina yao hayapo kwenye kitabu chochote. Sheria iliwaita maharamia, mtaani wakaitwa mtu wa kaseti, jamaa wa deki, dogo wa komputa. Walikuwa wezi? Ndiyo, tena bila kona kona. Shida ni kwamba walikuwa pia ndio duka pekee lililokuwa wazi.

Mtu wa kaseti

Miaka ya 1970 na 1980, muziki wa bendi Tanzania Bara ulikuwa na mlango mmoja mkubwa: Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi inaingia studio ya redio, inarekodi, wimbo unachezwa nchi nzima. Unachezwa, hauuzwi. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, kwa hiyo bendi iliyotaka santuri ilitazama Nairobi. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Hata huo mlango wa jirani ukawa na kufuli.

Sasa mfikirie kijana wa Mbeya wa enzi hizo. Jumamosi anasikia wimbo wa Mlimani Park au Juwata redioni, roho inampasuka, anautaka uwe wake. Akaununue wapi? Hakuna pa kuununua. Dawa ilikuwa radio kaseti. Unakaa kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodi, unaomba mtangazaji asiongee katikati ya wimbo. Anaongea. Basi mpaka leo kuna watu wakiusikia wimbo fulani wa zamani bila ile sauti ya mtangazaji, wanaona kama kuna kitu kimepungua.

Kutoka hapo ndipo alipotokea mtu wa kaseti. Kibanda kidogo karibu na soko, deki yenye matundu mawili, spika moja imetazama barabarani. Unampelekea orodha ya nyimbo kwenye karatasi ya daftari, unaacha hela na kaseti tupu, unarudi kesho. Kaseti yenyewe ilikuwa imetolewa kwenye kaseti iliyotolewa kwenye kaseti nyingine, kiasi kwamba nyuma ya gitaa unasikia mvumo kama mvua juu ya bati. Hakuna aliyelalamika.

Mbeya ilibebwa na jiografia. Barabara kuu ya Dar kwenda Zambia inapita humo humo, Tazara ikakabidhiwa rasmi 1976, Tunduma na Kasumulu ni mipaka ya karibu. Muziki wa Zambia na wa Kongo ulikuwa na njia ya kuingilia bila kuzunguka Dar. Iringa mji wenyewe uko juu mlimani, magari makubwa yanapita chini pale Ipogolo, kwa hiyo kilichotaka kupanda mjini kilipaswa kushushwa kwanza. Ila kilipanda.

Na kijijini, kwa wasio na umeme, betri ndiyo ilikuwa bando. Mkanda ulirudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri zisiishe, na zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu kidogo. Huko Mufindi, ambako kuna miezi jua lenyewe la kuvizia, hiyo ilikuwa kazi.

Sheria ya hakimiliki ilikuwepo muda wote huo, tangu 1966. Lakini kumkataza mtu kuchota kwa jirani wakati mtaa mzima hauna bomba, hiyo ni sheria ya karatasi. Kosa la kwanza halikuwa la mtu wa kaseti. Lilikuwa la soko ambalo halikuwahi kufunga safari kuja Nyanda za Juu Kusini.

Jamaa wa deki

Watu husahau kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Zanzibar ilishakuwa nayo miaka ishirini kabla. Bara, sinema ilitangulia kufika kwa mkanda wa video, na mkanda ukazaa kibanda umiza: mabenchi, pazia jeusi, joto la watu sitini kwenye chumba cha watu ishirini, na jamaa mmoja mlangoni anayekusanya viingilio huku akizuia watoto kwa mguu.

Filamu zilikuwa za Kimarekani, Kihindi na za ngumi za Hong Kong. Lugha ikawa kikwazo, na mtaa ukatafuta dawa: mtafsiri. Mtindo ulishika moto Uganda, ukaenea Kenya na Tanzania, na hapa nchini sauti ya Lufufu ikajulikana mpaka kwa watu wasiojua jina la Arnold Schwarzenegger. Mtafsiri hakutafsiri tu. Aliwapa wazungu majina ya mtaani, akawasuta wabaya na akaeleza somo la filamu.

Kisheria hiyo ilikuwa wizi juu ya wizi: mkanda umenakiliwa bila ruhusa, halafu ukapakwa sauti bila ruhusa. Ila ukiangalia kwa haki, mtafsiri aliongeza kazi yake mwenyewe juu ya kazi ya mtu. Na cha ajabu, kazi yake nayo ikaibwa. Mkanda wenye sauti yake ulinakiliwa mikoani kote bila yeye kuambulia hata nauli. Kwenye mnyororo ule, kila mtu alikuwa mwizi wa aliye juu yake na kibwengo cha kuibiwa na aliye chini yake.

Hapo ndipo utetezi unapogoma

Mpaka hapa ni rahisi kumpenda haramia. Hollywood haikufilisika kwa sababu ya kibanda cha Mafiati. Tatizo lilianza pale aliyeibiwa alipokuwa jirani.

Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya kwaya. Wamoraviani walifika Rungwe 1891, Walutheri na Wakatoliki nao wakasambaa pande hizi, na kuimba kwa sauti nne kukawa sehemu ya maisha kuanzia Tukuyu hadi Tosamaganga. Kaseti ilipokuwa rahisi, kila kwaya ikataka kurekodi. Kurekodi siyo bure. Wanakwaya wanachangishana, mwingine anauza debe la viazi, mwingine kuku, wanapanda basi kufuata studio. Wanarudi na maboksi ya kaseti na deni. Hesabu ni nyepesi: kila Jumapili meza nje ya kanisa, kaseti zikiisha deni limeisha, na kinachobaki ni sare mpya au kinanda.

Sasa mnunuzi mmoja anaipeleka kaseti kwa mtu wa kaseti. Wiki inayofuata nakala zipo Mwanjelwa na Uyole kwa bei ya chini. Kwaya inabaki na maboksi, deni na wimbo maarufu. Kila basi dogo linapiga wimbo wao, na wao wanapanda basi hilo hilo kwa nauli kamili.

Ukimwambia huyu mama wa sauti ya tatu kwamba haramia alikuwa anamsaidia kujulikana, atakuuliza swali moja: kujulikana kunalipa deni? Hana kosa. Umaarufu ulikuwa wake, hela ilikuwa ya kibanda. Na hawa hawakuwa mastaa wenye mameneja. Walikuwa wakulima na walimu walioweka akiba yao kwenye mkanda wa plastiki.

Dogo wa komputa

Kufikia katikati ya miaka ya 2000, kaseti ikaanza kuzikwa. CD ya MP3 ikaja, nyimbo zaidi ya mia kwenye kisahani kimoja. DVD ikaja na filamu kumi na kitu kwa pamoja, jalada limejaa sura mpaka huoni rangi. Kisha zikaja simu za Kichina: laini mbili, spika yenye makelele ya harusi, na tundu la memori kadi. Dogo mwenye komputa akawa mfalme wa mtaa. Kihesa kwa wanachuo, Soweto kwa madereva, mambo yalikuwa yale yale: unampa memori kadi, unasema "niwekee gospo na Bongo Flava mchanganyiko", anajaza, unalipa hela ya soda.

Serikali nayo haikulala. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa 1999, COSOTA ikaundwa kuisimamia, na 2013 stempu za TRA zikaanza kubandikwa kwenye CD na DVD ili halali itofautishwe na feki. Wazo zuri, limechelewa. Stempu inabandikwa kwenye ganda. Dogo wa komputa hakuuza ganda. Unabandika wapi stempu kwenye memori kadi ndogo kuliko ukucha?

Halafu ukaja mwaka 2016, ambao ulifundisha mambo mawili. La kwanza, Aprili, mahakama ya Ilala iliiamuru kampuni moja kubwa ya simu kuwalipa Mwana FA na AY zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa. Kesi ilikatiwa rufaa, lakini somo lilishaingia: ukimtafuta anayekula jasho la msanii, usiishie kwenye kibanda. Angalia pia ghorofani.

La pili, usiku wa Juni 16, TCRA ikazima simu feki nchi nzima. Watu walidhani zile simu za Kichina zimekufa. Wapi! Kilichozimwa ni mtandao, siyo spika. Memori kadi ya dogo wa komputa haikuhitaji mnara, kwa hiyo simu isiyopiga wala kupokea iliendelea kuimba shambani kama kawaida.

Aliyemfukuza dogo ni nani?

Siyo polisi, wala stempu. Ni bando. Wimbo ulipoanza kupatikana YouTube, Boomplay na Audiomack, hakukuwa tena na sababu ya kupanga foleni kibandani. Vibanda vingi vya aina ile vimegeuka vya uwakala wa pesa na kuuza makava ya simu. Ukipita pale leo huwezi kujua kwamba palikuwa na maktaba.

Je, msanii amepona? Aliye juu, ndiyo. Mwenye mamilioni ya wasikilizaji ana anachopokea, na COSOTA imeshagawa mirabaha mara kadhaa. Hiyo ni hatua, siyo ya kubeza. Lakini programu hizi zinalipa kwa wingi wa kusikilizwa, na kwaya ya kijijini Rungwe ikisikilizwa mara elfu mbili, malipo yake hayanunui hata vocha ya maana. Mtu wa kati hajaondoka. Amevaa suti, ana mkataba, na hajui Tukuyu iko wapi.

Na kuna hasara ambayo haizungumzwi kabisa. Komputa za wale madogo zilikuwa na vitu ambavyo havijawahi kupandishwa mtandaoni: kwaya zilizovunjika, bendi za mjini zilizocheza miaka miwili zikafa, nyimbo za Kinyakyusa, Kihehe, Kisafwa na Kibena zilizorekodiwa mara moja tu. Tepu za Radio Tanzania walau zina taasisi inayozishikilia. Diski ya dogo wa Mwanjelwa ilikuwa na nani? Siku ilipogoma, iliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Hapo ndipo uamuzi wa kweli ulipo, na siyo kwenye ubishi wa mwizi au shujaa. Hakimiliki ikiwa na maana yoyote ina kazi mbili: aliyetengeneza alipwe, na alichotengeneza kisipotee. Sheria iliahidi ya kwanza na kwa miaka mingi haikufika milimani kuitekeleza. Haramia alifanya ya pili bila kukusudia, kwa kuiua ya kwanza. Mama wa sauti ya tatu alihitaji zote mbili, akapata nusu ya moja.

Bado kuna muda, ila siyo mwingi. Kwenye kabati la nyumba fulani pale Iringa kuna boksi la kaseti, na kwenye droo fulani Uyole kuna memori kadi ya GB 2 imekaa na funguo zisizojulikana za mlango gani. Wengi wa walioimba humo bado wapo hai na wana namba za simu. Kabla ya kutupa, sikiliza. Ukitaka kupandisha mtandaoni, mtafute kwanza mwenye wimbo, muombe, andika jina lake na la kijiji chake, na hela ikiingia iende kwake. Itakuwa mara ya kwanza kwa wimbo huo kupita mikono yote na kumrudia aliyeuimba.