Chuo kikuu cha Wajesuiti kilichozaliwa mara mbili

Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, mtambo wa nyuklia uliwashwa juu ya kilima nje kidogo ya Léopoldville, Kinshasa ya leo. Ulikuwa wa kwanza barani Afrika. Haukuwa mkubwa: kilowati 50 tu, fito za urani zimezamishwa ndani ya kisima cha maji, na mtu anayechungulia kutoka juu aliona mwanga wa buluu chini kabisa. Ulitengenezwa Marekani, na sababu ya kuletwa Kongo wakazi wa Likasi, huku Katanga, hawahitaji kuelezwa. Mgodi wa Shinkolobwe uko kiasi cha kilomita 20 tu kutoka mjini, na urani yake iliingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Kongo ilitoa madini, ikarudishiwa mtambo wa kufundishia.

Mtambo huo uliwekwa Lovanium, chuo kikuu cha Kikatoliki ambacho mbegu yake ilikuwa imepandwa na Wajesuiti. Huku Katanga habari za chuo hicho husimuliwa kama mambo ya Kinshasa, ya watu wa mbali. Si kweli. Likasi imo ndani yake tangu mwanzo, kwa madini na kwa watu.

Wajesuiti wa Ubelgiji walifika Kongo mwaka 1893, wakafungua misheni Kimwenza, kisha Kisantu, katika Kongo ya Chini. Kwanza walishika jembe. Bruda Justin Gillet alianzisha bustani ya mimea Kisantu mwaka 1900, na ipo hadi leo. Maprofesa wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, walipotaka kusomesha wasaidizi wa matibabu, walikuja hapo hapo mwaka 1926; mwaka 1932 wakaongeza kituo cha kilimo. Kwa miaka mingi hayo ndiyo yaliyokuwa masomo ya juu kwa Mkongo: kushika sindano na kupima udongo. Serikali ya kikoloni ilitaka wasaidizi, haikutaka madaktari weusi wala mawakili. Mwaka 1947 kituo cha masomo ya juu kikaanza Kisantu kwa jina la Lovanium, yaani Louvain kwa Kilatini.

Kisha kazi ikatoka mikononi mwa Wajesuiti. Chuo kikuu kamili kilifunguliwa mwaka 1954, si Kisantu bali kwenye kilima karibu na Kimwenza, chini ya Louvain yenyewe na maaskofu. Mkuu wake wa kwanza, Monsinyori Luc Gillon, hakuwa Mjesuiti. Alikuwa padre wa jimbo aliyesomea fizikia ya nyuklia, jambo linaloeleza kwa nini mtambo ule ulipata makao kwake. Wakati bendera ya Ubelgiji inashushwa mwaka 1960, Wakongo wenye shahada za chuo kikuu walikuwa wachache mno, hesabu za kawaida zinasema hawakufika 30. Hata hivyo, Mjesuiti mmoja, Simon-Pierre Boka, ndiye aliyeandika maneno ya wimbo wa taifa.

Miongoni mwa waliopanda kilima kile alikuwamo kijana wa huku kwetu. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Jadotville, yaani Likasi, mwaka 1941, akalelewa na Wabenedikti, ambao Katanga ndiyo iliyokuwa shamba lao kabla ya wengine. Aliacha utawa, akasoma lugha Lovanium, akapata udaktari Louvain mwaka 1970 na kurudi kufundisha.

Alirudi wakati mbaya. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walikuwa wameshuka mjini kudai haki zao, wakapigwa risasi na wanajeshi. Miaka miwili baadaye wenzao walipowakumbuka wafu, Rais Mobutu aliwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Agosti 1971 akavikusanya vyuo vikuu vyote vitatu, cha Wakatoliki, cha Waprotestanti Kisangani na cha serikali Lubumbashi, akavifanya chuo kimoja kilichoitwa UNAZA. Mkuu wake alikuwa mtu wa Katanga, Monsinyori Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi. Kitivo cha lugha na fasihi kikahamishiwa Lubumbashi, na Mudimbe akajikuta anafundisha kilomita 120 kutoka alikozaliwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, chama cha Mobutu kilipomtaka katika kamati yake kuu, aliondoka nchini. The Invention of Africa, kitabu kilichompa sifa duniani, alikitoa mwaka 1988 akiwa Marekani, na alifariki Aprili 2025.

Wajesuiti walibaki na kitu ambacho serikali haikukihitaji: shule ya falsafa ya kuwaandaa vijana wao, iliyofunguliwa Kimwenza mwaka ule ule wa 1954 kwa jina la Mtakatifu Petro Kanisio. Ilisomesha kimya kimya huku UNAZA ikivunjwa mwaka 1981 na vyuo vya umma vikikosa mishahara na viti. Baadaye, sheria iliporuhusu vyuo binafsi, wakaongeza chuo cha kilimo na mifugo. Mwaka 2016 viwili hivyo viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu Loyola cha Kongo. Uhandisi ukafuata kwa ubia na ICAM, shule ya Kifaransa iliyoanzia Lille mwaka 1898. Wajesuiti wa Harare, Zimbabwe, walipita njia hiyo hiyo: shule yao ya falsafa ya Arrupe, ya mwaka 1994, ilitambuliwa kuwa chuo kikuu mwaka 2017.

Chuo cha pili hakina kilima kizima wala mtambo. Kina mifugo na udongo, kama Kisantu ya zamani, na kwangu hapo ndipo kinapofaa zaidi kuliko Lovanium ilivyofaa. Katanga huuza shaba na kobalti duniani kote, lakini mama anayepika bukari, yaani ugali, Likasi mara nyingi anasonga unga wa mahindi ya Zambia, uliovuka mpaka wa Kasumbalesa kwa lori, na mpaka ukifungwa wiki moja bei hupanda sokoni kabla ya Ijumaa.