Droo ya Mwisho

Karatasi ya hospitali ya shangazi yangu ilijaa mwandiko ambao hakuna mtu nyumbani aliyeweza kuusoma. Chini kabisa, kwa chapa safi, palikuwa na N28.9. Tukaitafuta kwenye simu: ugonjwa wa figo na ureta, usiobainishwa. Ureta ni ule mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni.

"Kwa hivyo hiyo namba ni ya kusema hawajui?" shangazi akauliza.

Ndiyo, shangazi. Na huko kutojua kuna historia.

Miaka mia mbili iliyopita, mtu akivimba uso na miguu, kuvimba kwenyewe ndiko kulikoitwa ugonjwa. Kisha Richard Bright, daktari wa Guy's Hospital jijini London, akachunguza kwa njia rahisi ajabu. Anatia mkojo wa mgonjwa kwenye kijiko, anaushika juu ya mshumaa. Mkojo wa mtu mwenye afya unabaki maji tu. Wa hawa waliovimba uliganda, mweupe kama ute wa yai kwenye kikaango, maana protini ilikuwa inavuja kutoka kwenye damu. Mgonjwa akifa, Bright anampasua na kukuta figo zimeharibika. Alichapisha kesi hizo 1827, na ugonjwa ukabeba jina lake.

Jina likapendwa kupita kiasi. Ugonjwa wa Bright ukawa kapu: figo zilizoharibiwa na maambukizi, na presha, na lolote lile, zote humo. Cheti cha kifo cha mshairi Emily Dickinson, 1886, kinasema ugonjwa wa Bright. Siku hizi wako wasomi wanaodhani ilikuwa presha.

Mwaka 1893, mtakwimu Mfaransa Jacques Bertillon alipeleka Chicago orodha ya sababu za vifo, ili nchi zihesabu wafu wao kwa lugha moja. Toleo la 1900 lilimpa Bright namba yake. Shirika la Afya Duniani likaichukua orodha 1948, likaingiza na maradhi ya walio hai. Polepole kapu la Bright likagawanywa, na katika toleo la kumi figo zikapangwa chini ya herufi N. Lakini kabati lolote la aina hii huwa na droo ya mwisho, ya vitu vilivyokosa pahali. N28.9 ni droo hiyo.

Sasa, kuanzia 2002, wataalamu wa Marekani wakaja na kipimo kingine: hatua tano, kulingana na kasi ya figo kuchuja damu. Chini ya 30 uko hatua ya nne. Chini ya 15, ya tano, na hapo mazungumzo ni ya dayalisisi. Kasi yenyewe hukadiriwa kwa kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli. Na ndani ya fomula iliyotumika kulikuwa na kitu cha kushangaza: ukiwa mweusi, jibu lako linazidishwa kwa 1.21. Ati watu weusi wana misuli mingi. Yaani figo zilezile, damu ileile, lakini kwenye karatasi wewe ni mzima zaidi. Mmarekani mweusi mwenye 18 alisomeka karibu 22, na kule mtu huanza kuhesabiwa siku za kungojea figo mpya akifika 20.

Rangi iliondolewa kwenye fomula 2021. Mwaka uliofuata, watafiti waliopima figo za watu Uganda, Malawi na Afrika Kusini wakaonyesha kwamba fomula hizi zilikuwa zinatusifu bure, na kile kizidisho kiliongeza kosa.

Maabara ambayo shangazi alipimwa haikuwa imepata habari. Majibu yake yalikuja na mistari miwili, mmoja wa mtu mweusi, 33, na mwingine wa wasio weusi, 27. Hatua ya tatu, au ya nne. Daktari alikuwa amezungushia 33 duara, akaandika arudi baada ya miezi sita.

"Mimi ni upi hapa?" shangazi akauliza.

Nilichukua kalamu, nikazungushia 27, na Jumatatu asubuhi tukarudi nayo.