Kisu cha Mkereza na Hesi ya Trapeza

Tutajapo utamaduni wa taifa, wengi wetu hukumbuka ngoma, mashairi na vinyago. Ni wachache wakumbukao karakana. Hata hivyo, lugha yetu yenyewe hutushuhudia kwamba ufundi haukuanza jana. Matendegu ya vitanda vya Lamu na Unguja yalikerezwa kabla ya kuja umeme. Neno parafujo tulilipokea kwa Wareno, na skrubu kwa Waingereza. Kila neno la namna hii ni alama ya chombo kilichopita mikononi mwa watu wetu.

Hesi ni ule mfuo uzungukao mwili wa parafujo. Hesi ya bolti ya kawaida huwa na meno ya pembetatu, kwa kuwa kazi yake ni kukaza na kushika. Lakini parafujo ya jiliwa, ya jeki, au ile iendeshayo mashine ya kukerezea, haina budi kusukuma mzigo mzito huku ikienda na kurudi. Meno yake hukatwa kwa umbo la trapeza: mapana shinani, membamba juu, na kilele bapa.

Umbo hilo lina historia yake. Mnamo mwaka 1800 hivi, fundi Mwingereza Henry Maudslay aliunda huko London mashine ya kukata hesi, ambamo parafujo moja ya chuma, ikisaidiwa na magurudumu ya meno, ilikiongoza kisu kwa mwendo usiobadilika. Zamani zile parafujo za kazi nzito zilikuwa na meno ya mraba. Meno hayo yalibeba mzigo vyema, lakini yalikuwa magumu kukata na membamba shinani. Katika miaka ya 1890 Wamarekani wakaeneza jino la trapeza liitwalo Acme, lenye pembe ya digrii 29. Nchi zitumiazo vipimo vya metriki nazo zikashika pembe ya digrii 30.

Tofauti ya digrii moja macho hayaioni, bali nati huiona. Mashine zilizoletwa Afrika Mashariki zilitoka Uingereza, Ujerumani, China na kwingineko. Baadhi yake zilipimwa kwa inchi, nyingine kwa milimita. Fundi akatiaye parafujo ya metriki kisu cha Acme hupata meno yasiyolingana na nati yake. Nati huegemea sehemu ndogo tu, na hulika upesi.

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Walimsema mvivu atafutaye kisingizio, na walisema kweli. Lakini mkereza asiyechagua kisu si mkereza. Natuchukue mfano wa parafujo ya metriki yenye kipenyo cha milimita 20, na milimita 4 kutoka jino hadi jino. Kisu chake chataka pembe ya digrii 30 kamili, ncha bapa yenye upana wa milimita 1.33 hivi, na kina cha kukata cha milimita 2.25. Tena hesi hiyo hupanda kwa mwinamo wa digrii 4 hivi. Kwa hiyo, ubavu wa kisu utanguliao lazima usagwe kwa mwinamo unaozidi huo. La sivyo, ubavu utasugua chuma badala ya kukikata.

Baada ya umbo huja madini. Kati ya mwaka 1898 na 1900, Frederick Taylor na Maunsel White, wakiwa katika kiwanda cha Bethlehem Steel nchini Marekani, waligundua namna ya kuandaa chuma kisichopoteza ugumu hata kikipata moto mkali. Katika miaka ya 1920 Wajerumani wakatoa kabaidi, iliyo ngumu zaidi. Kipande cha kabaidi hununuliwa kikiwa na umbo tayari, nacho hufaa panapo mashine imara na kazi nyingi zinazofanana. Lakini kila ukubwa wa jino wataka kipande chake, na kipande kikivunjika hununuliwa kingine. Chuma cha Taylor na White hunolewa kwa jiwe hapo hapo karakanani, kikapewa umbo lolote lihitajikalo. Kwa karakana itengenezayo leo jeki, kesho jiliwa, hicho ndicho chenye manufaa zaidi.

Hapa ndipo ufundi unapokutana na uhuru wa taifa. Nati ya mashine ikilika, taifa lisilo na mnoaji wa kisu huagiza nyingine ng'ambo, na kazi husimama hadi meli ifike. Lililo naye hupima, hunoa, hukata, na kazi ikaendelea. Basi tuwaombe walimu wa hisabati wawapeleke wanafunzi wao karakanani, wakaione trapeza ikibeba mzigo. Na walimu wa Kiswahili wayakusanye maneno ya mafundi kabla wazee wayajuao hawajatutoka.