Jalada la Ngoma

Liko neno moja la Kiingereza, "wrap", ambalo katika mazungumzo ya kawaida huwa na maana pana ya kukizungushia kitu kitu kingine, lakini likiingia katika karakana ya ngoma za bendi hubana na kuwa jina la kitu kimoja tu, nacho ni ule utando mwembamba wa plastiki, wenye rangi au nakshi, unaozungushwa juu ya mzinga wa mbao na kugandishwa kwa gundi, ili mbao ambayo haikuchaguliwa kwa uzuri wake ipate sura ya kupendeza chini ya taa za ukumbi. Mintarafu ya ngoma kongwe, zile zilizotoka viwandani kabla ya miaka ya 1970, neno hili huzua mabishano mengi kuliko mlio wenyewe.

Mwenye kutaka kulitia katika Kiswahili hukutana kwanza na kitenzi kuwamba, na hapana budi akiepuke, kwa kuwa kuwamba ngoma ni kuivuta ngozi juu ya mdomo wake, kazi iliyo kongwe kuliko kiwanda chochote, na kitenzi hicho kikihamishiwa ubavuni msikilizaji hatajua tena kama fundi ametengeneza kinacholia au kinachotazamwa. Vazi ni neno zuri, walakini vazi huvuliwa jioni likavaliwa tena asubuhi, na utando huu ukishaganda hauvuliki ila kwa joto na taabu. Gamba na ganda ni vitu vilivyoota pamoja na mwenyewe. Mimi nachagua jalada, maadamu kujalidi kitabu ni kukata ngozi, nguo au karatasi kwa kipimo, kuipaka gundi, kuizungusha bila kuacha povu la hewa, na kuuficha ukingo wake mahali jicho lisipofika. Na hayo ndiyo afanyayo fundi wa ngoma, hatua kwa hatua. Fauka ya hayo, neno hili huja na jamaa zake, kwani fundi hujalidi, mzinga hujalidiwa, na aliyebobea katika kazi hiyo huwa mjalidi. Atakayeteta kwamba asili ya jalada ni neno la Kiarabu la ngozi, na kwamba ngoma ina ngozi yake tayari, namjibu kwamba vitabu vyetu vingi vina majalada ya karatasi na hapana aliyewahi kuuliza mnyama yuko wapi.

Majalada ya kale yalitengenezwa kwa selulodi, yaani pamba iliyotiwa asidi ya nitriki kisha ikachanganywa na kafuri, na atakayepiga msasa ubavu wa ngoma ya miaka ya 1930 atainusa harufu ile ile wanayoijua waosha maiti wa pwani. Mmarekani John Wesley Hyatt, aliyepata hataza ya selulodi mwaka 1870, alikuwa akitafuta mbadala wa pembe za ndovu katika mipira ya biliadi, pembe ambazo Unguja ya zama hizo ilizisafirisha ng'ambo kwa wingi. Kufikia miaka ya 1920 na 1930 viwanda vya Ludwig, Slingerland, Leedy na Gretsch vilikwisha kuona kwamba karatasi ya selulodi huficha mafundo na viungo vya mbao, huhimili mikwaruzo ya safari, na humpa mnunuzi rangi ambazo brashi haiwezi kuzipata. Kasoro yake kubwa ni kwamba hushika moto upesi mno, na kwa ajili hiyo watengenezaji baadaye walielekea kwenye asetati na vinili.

Katika majina ya nakshi liko jambo la kusahihishwa. Wauzaji wa Kiingereza huziita nyingi katika hizi lulu, kama ile "White Marine Pearl" iliyong'aa kwenye ngoma za Slingerland za Gene Krupa, lakini kinachoigwa pale si lulu hata kidogo. Lulu ni punje ya mviringo; kinachoigwa ni sadafu, yaani ule utando wa ndani ya kombe la chaza, wenye mawimbi ya mwanga yanayogeuka kila unapogeuza shingo. Kiswahili kimejaliwa kuwa na maneno yote mawili, basi na tuseme sadafu nyeupe. Nakshi ya pili, ile ya chembe zinazometameta kama fedha iliyosagwa, naiita mmeto, na namsihi msomaji asiseme kimeta, kwa kuwa hayo ni maradhi ya ng'ombe.

Iliyopata umaarufu kupita zote ni chaza nyeusi ya Ludwig, yenye mawimbi ya kijivu na meupe juu ya weusi. Mwaka 1963 Ringo Starr wa The Beatles aliingia katika duka la ngoma la Ivor Arbiter mjini London, akavutwa na nakshi hiyo, akainunua seti; na tarehe 9 Februari 1964 watazamaji wapatao milioni 73 wa televisheni ya Marekani waliiona chaza nyeusi pamoja na jina la kiwanda lililoandikwa juu ya ngozi ya ngoma kubwa. Wateja walimiminika hata kiwanda cha Chicago kikawa kinafanya kazi usiku na mchana. Sidhani kama yuko mtoto aliyeiomba ngoma ile kwa sababu ya mbao zake.

Ama katika kuchagua, wengi hukosea kwa kuanza na rangi, ilhali rangi ya ngoma kongwe haisemi kweli. Selulodi angavu ya juu hugeuka manjano kwa miaka na jua. Basi sadafu nyeupe huwa kama samli, mmeto wa buluu huwa kijani, na mmeto wa fedha huelekea rangi ya tangawizi. Ushahidi umo chini ya vifungo vya chuma vinavyokaza ngozi, ambako mwanga haukupenya. Fungua kimoja utaona siku ya kwanza ya ngoma hiyo. Rai yangu ni kwamba anayejalidi ngoma moja tu katika seti afuate rangi iliyozeeka, ili ndugu hawa wasitofautiane, na anayejalidi zote afuate rangi iliyo chini ya kifungo. Baada ya rangi uangaliwe unene, ambao kwa kawaida ni kama nusu milimita. Huonekana si kitu, lakini mizinga ya zamani ilitengenezwa ili ivalishwe ngozi za wanyama, zilizokunjwa juu ya pete kwa kadiri ya ngoma yenyewe, na ngozi za plastiki zilizoenea baada ya Remo Belli kuanza kuziuza mwaka 1957 zina kipimo kisichobadilika. Jalada nene likiongezwa juu ya mzinga uliokwisha kuwa mpana, pete ya ngozi hukwama na ngoma haikazwi sawasawa.

Kazi yenyewe huanza kwa kuvua la zamani, kwa joto dogo la kikausha nywele, mbali na mwali wowote wa moto, madirisha yakiwa wazi. Mzinga husafishwa, mashimo yasiyotakiwa huzibwa, na uso wake hulainishwa, kwani punje ya gundi kavu iliyosahauliwa chini ya jalada itaonekana milele kama chunusi. Urefu wa jalada ni kipenyo mara 3.14, na inchi moja ya kupandana: ngoma ya inchi 14 hutaka inchi 45, na ngoma kubwa ya inchi 22 hutaka kama inchi 70. Upana wake uwe pungufu kidogo kuliko kina cha mzinga, ili lisifike kwenye ukingo unaokaliwa na ngozi. Gundi hupakwa pande zote mbili na kuachwa hata isinate kidoleni; tangu hapo pande zikigusana hazitenganishwi, na mwanzo uliopinda kwa unywele mmoja hufika inchi ya sitini umeshatoka nje ya mzinga. Kwa hiyo mafundi huweka karatasi ya nta kati ya jalada na mbao, wakaivuta taratibu huku rola ikifuata nyuma. Mshono hukaa chini ya safu ya vifungo, skrubu ziukandamize, na katika ngoma kubwa huelekezwa sakafuni.

Pamoja na hayo yote, ngoma kongwe iliyojalidiwa upya hupoteza sehemu ya thamani yake mbele ya wakusanyaji, na hawana makosa, kwa maana jalada la asili ndilo ithibati ya mwaka na kiwanda. Selulodi hupoteza kafuri yake na kusinyaa, hivyo mshono hufunguka kabla ya pengine popote. Ikiwa ngoma yako ina ugonjwa huo tu, tia gundi chini ya mshono, ukaze kwa mkanda hata kesho yake, na manjano yake uyaache yalivyo.