Barua za Mpakani

Mto Malaba si mto mpana. Mtu aliyesimama ukingo wa magharibi aweza kumwita ndugu yake aliye ukingo wa mashariki, wakasalimiana kwa Kiteso wala wasihitaji mkalimani. Ndivyo ulivyo mto Sio pia, ambao Wasamia wamejenga na kulima kando zake zote mbili tangu kabla ya kuwako ofisi yoyote ya forodha. Mito hii haikuumbwa ili iwe ukuta baina ya watu. Kilichoigeuza kuwa mpaka wa nchi mbili ni karatasi, na yeyote atakaye kujua kwa nini Busia na Malaba zikawa mahali zilipo, hana budi kuitafuta karatasi hiyo.

Tarehe 1 Aprili 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulitolewa katika himaya ya Uganda ukatiwa katika himaya jirani ya Afrika ya Mashariki, ile iliyopewa jina la Kenya mwaka wa 1920. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa mwaka wa 1901, na wakubwa wa London waliona ni vyema njia yote iwe chini ya serikali moja. Watu wa Mumias, wa Nandi, wa Naivasha, na wa nchi iitwayo leo Busia, wakawa raia wa himaya nyingine bila ya kuhama nyumba zao na bila ya kuulizwa. Miaka 74 baadaye, Februari 1976, Rais Idi Amin aliifufua habari hiyo akadai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda. Dai lake halikufika mbali, lakini liliwakumbusha watu kwamba barua ya zamani haifi kwa kusahauliwa. Hulala tu.

Sasa, msomaji, fikiri umepewa kazi ya kutafuta barua zote za serikali zinazohusu nchi hii ya mpakani. Utaanzia wapi? Ukitaka barua za mwaka wa 1899, usitafute neno Kenya, kwa sababu halikuwa bado jina la nchi. Bwana C. W. Hobley alikaa Mumias akitawala kwa niaba ya serikali ya Uganda, na taarifa zake zilikwenda upande huo, si Nairobi. Ukitaka barua za miaka iliyofuata, tafuta jina North Kavirondo, ambalo makao yake yalihamishwa baadaye kutoka Mumias kwenda Kakamega. Baada ya hapo tafuta North Nyanza, kisha Elgon Nyanza. Jina la Wilaya ya Busia halikuwako mpaka mwaka wa 1963. Kwa hiyo mtu anayejua jina la leo tu atarudi mikono mitupu, naye ataapa kwa moyo safi kwamba hakuna barua.

Hata kuzaliwa kwa wilaya hiyo kulitokana na tume ya uchunguzi. Katika mwaka wa 1962, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, serikali ya Uingereza iliunda tume ya kugawa mipaka ya mikoa chini ya Sir Stafford Foster-Sutton. Tume ilizunguka nchi ikisikiliza wazee na kupokea maandiko ya vyama na makabila. Wateso hawakutaka kuwekwa pamoja na Wabukusu ambao walikuwa wengi kuliko wao. Kila upande ulikuwa na hoja zake. Mwishowe Elgon Nyanza ikakatwa mara mbili: Bungoma upande mmoja, na upande wa pili Busia, ambamo Wateso waliwekwa pamoja na Wasamia, Wakhayo, Wamarachi na Wanyala. Mtu aweza kukubali au kukataa uamuzi huo. Lakini tume ya aina hii huhukumu kwa yale iliyoletewa. Mzee aliyebaki nyumbani hakusikiwa, na barua iliyobaki kabatini haikusomwa.

Mwaka huohuo wa 1962 Kenya ilipata sheria ya tume za uchunguzi, nayo huipa tume nguvu ya kumwita shahidi na kumwamuru alete nyaraka alizo nazo. Nguvu hiyo ni kubwa kwa kuitaja. Kwa kuitumia ni jambo jingine, hasa leo ambapo nyaraka nyingi si karatasi.

Tangu mwaka wa 2014 nchi za Afrika ya Mashariki zina eneo moja la forodha, na mzigo uendao Kampala hukadiriwa ushuru wake ungali bandarini Mombasa. Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua kituo cha Busia ambapo lori husimama mara moja tu, na maafisa wa nchi mbili huhudumu chini ya paa moja. Zamani kila lori liliacha nyuma yake rundo la karatasi zenye mihuri. Sasa huacha maandishi ndani ya kompyuta, na barua pepe baina ya wakala, afisa, mwenye mali na mwenye lori. Tutoe mfano wa kubuni: tume yaamrishwa kuchunguza shehena ya sukari iliyopotea njiani baina ya Mombasa na mpakani. Haitaanza kwa kufungua magunia. Itaanza kwa kuziagiza ofisi zilete barua pepe zao.

Namna ya kuzitafuta ni hii. Barua za ofisi hukusanywa kutoka ghala zilimowekwa, na kompyuta huorodhesha kila neno lililomo. Kisha mtafutaji huchagua maneno, majina ya watu na tarehe, na kompyuta humletea kila barua yenye alama hizo. Kazi ambayo makarani kumi wangeifanya kwa mwaka, yamalizika kabla ya chai. Lakini mashine hutafuta herufi, haitafuti maana. Mwambie akutafutie Malaba, naye hatakuletea barua ambayo karani alikosea akaandika Malava. Ukimruhusu achukue na Malava, atakuletea habari za mji wa Malava katika Kakamega, ambao hauna forodha wala mpaka. Mwambie akutafutie Busia, atachanganya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, maana miji ni miwili na jina ni moja. Mto Sio ni taabu zaidi. Kila Mswahili aliyeandika “sio kweli” au “sio mimi” ataletwa mbele ya tume kana kwamba aliandika juu ya mto. Na anayetafuta Samia, kabila la mpakani, atazama katika habari za Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania.

Haya yachekesha, lakini hatari yake si ya kuchekesha. Maneno yakiwa machache, ushahidi wapotea. Yakiwa mengi mno, wazikwa chini ya takataka. Tena barua huwa na viambatisho, na mara nyingi neno kubwa limo ndani ya kiambatisho wakati barua yenyewe yasema tu, “Tafadhali tazama.” Juu ya hayo, barua za mwanasheria na mteja wake zina kinga, na majina ya watu wasiohusika hufutwa kabla ya kutolewa. Kila hatua kati ya hizi hufanywa na binadamu, na binadamu huyo mara nyingi ni mtumishi wa ofisi inayochunguzwa.

Tazama yaliyotokea Uingereza. Zaidi ya wasimamizi 900 wa posta ndogondogo walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kwa sababu ya hesabu za kompyuta iliyoitwa Horizon, nayo hesabu hizo zilikuwa na kasoro. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Tume iliundwa mwaka wa 2020 chini ya Sir Wyn Williams. Mwezi wa Mei 2023, mtu wa kawaida aliyeandika ombi la habari kwa haki yake ya raia alipata waraka wa aibu ambao tume yenyewe ilikuwa haijapewa. Mwezi wa Julai ushahidi wa shahidi mkubwa uliahirishwa kwa sababu nyaraka zilichelewa. Mwezi wa Novemba ikajulikana kwamba zaidi ya barua pepe 300,000 zilikuwa katika ghala la zamani ambalo halikuwa limetafutwa. Ofisi ilikuwa na mawakili, mafundi na mashine za kila namna.

Basi na turudi kwenye karatasi na kwenye Kenya, kwa maana kisa kikubwa kuliko vyote ni chetu wenyewe.

Mwezi wa Juni 2009, wazee watano wa Kenya waliifungulia serikali ya Uingereza kesi katika Mahakama Kuu ya London. Walidai kwamba waliteswa katika kambi za vizuizi wakati wa hali ya hatari, katika miaka ya 1950. Mmoja wao, Wambugu Nyingi, alikuwa amenusurika Hola, ambako watu 11 waliuawa kwa vipigo tarehe 3 Machi 1959, na serikali ikatangaza kwanza kwamba vifo vilihusiana na maji waliyokunywa. Wazee wana kumbukumbu, lakini mahakama hutaka karatasi. Mawakili wao walipouliza, walijibiwa kwamba yote yaliyokuwako yalikwisha kupelekwa katika Nyaraka za Taifa, ambako kila mtu aweza kusoma.

Haikuwa hivyo. Mwanahistoria David Anderson aliieleza mahakama kwamba maandishi ya zamani ya Waingereza wenyewe yataja majalada kama 1,500, katika masanduku kama 300, yaliyotolewa Kenya wakati wa uhuru. Kenya ilikuwa imeyadai tangu mwaka wa 1967 ikanyimwa. Safari hii swali lilikuwa na hesabu ndani yake, na swali lenye hesabu ni gumu kulikwepa. Mapema mwaka wa 2011 masanduku yalitokea katika jengo la serikali liitwalo Hanslope Park, pamoja na majalada ya makoloni mengine. Yote yalitoka katika nchi 37. Hesabu ya kwanza ilikuwa majalada kama 8,800. Kazi ilipokwisha yalikaribia 20,000.

Je, yalifichwa au yalisahauliwa? Anthony Cary, aliyepewa kazi ya kuchunguza jambo hilo, alieleza kwamba maafisa waliyahesabu majalada hayo kuwa ni mali ya makoloni, si ya wizara yao, na kwa hiyo maombi ya habari yalipoletwa hawakuyatafuta humo. Kwa maoni yangu, usahaulifu unaomfaa mwenyewe kiasi hicho hauko mbali na uficho. Ndani ya majalada yalikuwamo maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, ya mwaka wa 1957, akimshauri Gavana Evelyn Baring juu ya mipaka ya kipigo, na kumtahadharisha kwamba kama wangetenda dhambi, basi waitende kimyakimya.

Mwezi wa Oktoba 2012 Jaji McCombe aliamua kwamba kesi yaweza kusikilizwa ingawa miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imepita, na wingi wa nyaraka zilizosalia ulikuwa katika sababu zake. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilionyesha majuto bungeni ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Katika wale watano wa kwanza, wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Hayo ni yale yaliyosalia. Katika mwaka wa 1961 serikali za kikoloni ziliagizwa zisiwarithishe Waafrika maandishi yanayoweza kuiaibisha Uingereza. Kazi hiyo ilifanywa Nairobi, na ng'ambo ya mto Malaba ilifanywa pia, kwani ni katika Uganda ilikopewa jina la Kiingereza lenye maana ya Urithi. Majalada yalitengwa mafungu mawili, ya kuachwa na ya kuondolewa, na fungu la pili halikuruhusiwa kushikwa ila na afisa Mwingereza mwenye asili ya Ulaya. Karani Mwafrika aliyepanga barua kwa miaka ishirini hakuweza tena kuzigusa. Mengine yalichomwa, na majivu yake yakapondwa. Ilielezwa pia kwamba yaweza kutiwa katika masanduku yenye uzito na kuzamishwa baharini, penye kina kirefu na pasipo mkondo. Majalada yaliyosalimika yako Kew, karibu na London, na tangu mwaka wa 2012 yamefunguliwa kwa awamu. Mkenya atakaye kusoma karatasi yenyewe hana budi kusafiri.

Kwa nyaraka za leo Kenya ina sheria yake. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka wa 2010 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka wa 2016 yaeleza njia yake. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Kuharibu au kuficha kumbukumbu kwa nia ya kuzuia zisitolewe ni kosa, ziwe za karatasi au za kompyuta. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na mwombaji halazimiki kueleza sababu. Hutakiwa tu aeleze vya kutosha kile anachokitafuta: ofisi gani, miaka gani, watu gani. Anayeandika juu ya Malaba ataje ni ya upande gani wa mto, na aombe watafute na zile zilizoandikwa Malava.