Tujenge Wapi? Somo la Historia ya Shule za Upare

Ndugu zangu wana-Mwanga, mlioko nyumbani na mlioko mijini,

Kila mwaka kijitabu hiki kinapowafikia, ombi huwa lile lile: tuchangie madarasa, madawati na vyoo vya shule za kwetu. Ni ombi la haki na mimi nitalirudia. Lakini kabla hatujaandika ahadi zetu, naomba tuangalie tulikotoka. Wazee wetu walipojenga shule, swali la kwanza halikuwa fedha zitatoka wapi. Lilikuwa shule ikae wapi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifungua kituo Shigatini, Upare ya Kaskazini. Mwaka 1903 Wasabato walianza kazi Giti, Upare ya Kusini. Wote walipanda mlimani kwa sababu watu walikuwa mlimani, kwenye migomba na mifereji ya maji. Tambarare ilikuwa nchi ya malisho, wanyama na homa. Shule ikishasimama, njia zilielekea hapo, gulio likasogea, zahanati ikafuata. Hakukuwa na afisa mipango miji, lakini makazi yalijipanga kuizunguka shule. Mpaka wa eneo ulikuwa mti au jiwe ambalo kila mzee alilijua.

Ujenzi wenyewe ulifanywa kwa msaragambo. Mawe, mchanga na mbao vilipandishwa mlimani kwa vichwa na mabega, na aliyekosa zamu yake aliulizwa. Wapare tumezoea kutoa, ila tunataka kujua hesabu imepigwaje. Hata katika mgogoro wa Mbiru, maelfu ya watu waliposhuka hadi Same mwaka 1945, kilichowaudhi zaidi ni namna kodi ile mpya ilivyokadiriwa. Mimi kama mhasibu naliheshimu sana jambo hilo.

Baada ya uhuru shule ilizidi kuwa kitovu cha kijiji. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba na ishiriki maisha ya watu wanaoizunguka. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madawati yaliyokaliwa na watoto asubuhi yakakaliwa na mama na baba zao jioni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Chanjo, mikutano ya hadhara na uchaguzi vyote vilifanyika shuleni. Ardhi ilikuwepo, kwa hiyo kila jambo jipya lilipata nafasi.

Wakati huo huo watu walikuwa wanaanza kushuka. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi tangu 1911 ikipita tambarare, barabara kuu nayo ikapita huko huko, na katika miaka ya 1960 likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu. Mwaka 1979 wilaya ya Pare iligawanywa, na Mwanga ikawa makao makuu ya wilaya mpya. Ofisi zilileta watumishi, watumishi wakaleta nyumba za kupanga na maduka. Vijana wa Usangi na Ugweno, ambao migomba ya baba haikutosha kugawana ndugu wote, wakatafuta viwanja huko chini. Leo baadhi ya shule za mlimani zina madawati yasiyo na watoto, na za tambarare zina watoto wasio na madawati.

Hapo ndipo mipango miji inapokutana na shule. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry alipendekeza mtaa upimwe kwa kuanzia shule ya msingi: ikae katikati, mtoto aifikie kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa, na nyumba ziizunguke. Wazo hilo lilienea katika nchi nyingi. Hapa kwetu, mradi wa viwanja ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulipima maeneo kama Sinza na Kijitonyama jijini Dar es Salaam, na shule, zahanati na masoko yakawa sehemu ya mpango. Tunaoishi Dar es Salaam tunaiona tofauti. Kwenye mitaa iliyojengwa kwanza na kupimwa baadaye, shule imebanwa na kuta za majirani, watoto wanasoma kwa zamu, na hakuna mahali pa kuongeza hata choo. Serikali ikitaka kupanua, lazima kwanza ilipe fidia ya nyumba za watu.

Historia ya karibuni inasema hivyo hivyo. Mpango wa MMEM ulioanza 2002, MMES ulioanza 2004 na elimu bila malipo ya mwaka 2016 vyote viliongeza wanafunzi na madarasa kwa kasi. Fedha zilitoka serikalini na kwa wafadhili, lakini ardhi na nguvu kazi vilitegemea sana wananchi. Palipokuwa na eneo, shule ilikua. Pasipokuwa nalo, darasa jipya lilikula uwanja wa mpira.

Kwa lugha ya vitabu vya hesabu: bati linachakaa, dawati linavunjika, rangi inapauka, na kila baada ya miaka tunachangishana tena. Ardhi iliyopimwa na kupewa hati hainunuliwi mara mbili. Eneo la shule likitengwa leo, wakati tambarare bado ina mapori, gharama ni ya mpima na karatasi. Likisubiri hadi nyumba zijae, gharama ni ya fidia, na mchango wetu wa mwaka mzima hautatosha hata kwa robo eka.

Kwa hiyo mwaka huu naomba sehemu ya michango yetu iende kwenye upimaji na hati za maeneo ya shule zilizopo, mlimani na tambarare. Pili, viongozi wa umoja wetu wakae na halmashauri ili kila mchoro mpya wa viwanja uoneshe eneo la shule kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Tatu, tunapochangia madarasa tuulize watoto wako wapi. Najua wengi wetu hupeleka mchango kwenye shule tuliyosoma, na mapenzi hayo si mabaya. Shule hizo za mlimani zisiachwe zikabomoka: vyumba vinavyobaki wazi vinaweza kuwa maktaba, karakana ya ufundi au darasa la jioni, kama vilivyokuwa mwaka 1970. Ila darasa jipya lijengwe mahali mtoto atakapolikalia.

Wazee wetu walibeba mawe kupanda mlima kwa sababu huko ndiko watoto walikokuwa. Sisi tunaombwa kubeba mzigo mwepesi zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na tambarare ya Mwanga ufa umeshaonekana. Karibuni tuchange.