Lokole ya Walokele: ujumbe uliopita kijiji kwa kijiji kando ya mto

Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipogeuka kuwa vita huko Lubunga, familia nyingi zilivuka mto na kukimbilia upande wa kuume wa Kisangani. Swali la kwanza la mtu aliyekimbia halibadiliki: wengine wako wapi? Simu isiyo na umeme wala yuniti haijibu. Lakini watu wa mto huu walishughulikia swali hilo zamani sana, kabla mnara wowote haujasimamishwa.

Stanley alipopita hapa na mitumbwi yake mwanzoni mwa 1877, ngoma zilikuwa zikilia mbele yake kandokando ya mto. Vijiji vya chini vilijua anakuja kabla ya kumwona. Hakuna mtu aliyekimbia kupeleka habari hiyo. Ilirukaruka tu, lokole hadi lokole.

Aliyeeleza vizuri jinsi ilivyofanyika ni John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, chini kidogo ya mji. Alijifunza kupiga mwenyewe. Mke wake alimwita kutoka msituni aje kula kwa lokole. Mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya ngoma hizo.

Lokole ni gogo lililochimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba. Mdomo mmoja wa mwanya hutoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Basi. Hakuna a, hakuna b. Kilokele ni lugha ya toni, kwa hiyo ngoma hubeba toni za maneno peke yake, na hapo ndipo taabu inapoanza. Songe ni mwezi, koko ni kuku, fele ni aina ya samaki: yote matatu ni juu-juu. Anayesikia kutoka mbali atajuaje kama ni mwezi au kuku?

Wazee walirefusha. Hawakupiga mwezi tu. Walipiga mwezi unaoitazama dunia kutoka juu. Kuku akawa yule mdogo anayesema kiokio. Kumwambia mtu asiogope, walimwambia aushushe moyo wake kutoka kinywani. Carrington alihesabu kwamba neno moja la kawaida lilihitaji kama maneno 8 ya ngoma. Mgeni angeona ni porojo. Kumbe upepo ukila nusu ya sentensi, nusu iliyobaki inatosha kueleweka. Mwaka 1948 Claude Shannon wa Marekani alikuwa ameandika hesabu ya jambo hilo hilo kwa ajili ya simu: ujumbe ukitaka kupenya kelele, uongezee maneno.

Usiku lokole kubwa husikika kilomita 10 hivi. Mchana, joto huipeleka sauti juu na haifiki mbali. Zaidi ya hapo lazima kijiji cha katikati kisikie na kirudie. Mpigaji akilala, akilewa, au akiwa na kinyongo na jirani, ujumbe unakufa kwake. Kwenye mpaka wa lugha nako kulihitajika mtu anayejua ngoma za pande zote mbili. Zile hadithi za habari kuvuka Afrika nzima kwa usiku mmoja, afadhali ziachwe kwa wasimulizi.

Kufikia miaka ya 1950 Carrington aliona vijana wa shule hawajifunzi tena kupiga. Baadaye zikaja foni za misheni na za wafanyabiashara, halafu simu. Mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji, watu walilala chini majumbani bila kujua kama ndugu zao wa mtaa wa pili wako hai.

Leo wahandisi wanatengeneza mitandao isiyotegemea mnara: kila simu inapokea ujumbe wa jirani na kuusukuma mbele, huku wenye simu wakitembea. Shida yao mojawapo ni ile ya mpigaji mwenye kinyongo. Simu moja ikibania betri yake na kutopitisha, wote nyuma yake wanakatika. Kwa hiyo simu hufundishwa kukumbuka nani hupitisha kweli na nani hula ujumbe, na kutafuta njia nyingine.

Kwa familia za Lubunga, mpitishaji bado ni mpiga kasia, au mama wa sokoni. Anayemtuma aseme "mwambie Maria niko salama" anatuma juu-juu tu. Kina Maria ni wengi. Mpiga lokole angetaja jina la mtu, la baba yake na la kijiji cha mama yake, kisha angerudia yote mara ya pili.